Maji Yanajuaje pa Kwenda? Kwa Treni Kutoka Dar Hadi Mosi-oa-Tunya

Ijumaa. Dar es Salaam

Swali lilitoka dawati la nyuma, kwa mtoto wa darasa la sita ambaye kwa kawaida hunyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni tu. Nilikuwa nimejaza ubao mistari ya chaki: Rufiji unaingia Bahari ya Hindi, Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika, na maji yanatokea Kongo hadi Atlantiki, Kagera unaingia Ziwa Victoria na kuishia na Nile huko Mediterania, na Ziwa Rukwa limejifungia, halitoki kwenda kokote. Nchi moja, bahari tatu na ziwa lisilo na mlango. Yule mtoto akauliza, "Mwalimu, sasa maji yanajuaje pa kwenda?" Nikamjibu kama kitabu: yanafuata mteremko, na penye mwinuko yanagawanyika, kama pale Tunduma mpakani na Zambia. Akasema, "Lakini babu yangu anakaa Tunduma, na Tunduma hakuna mlima."

Darasa likacheka, kengele ikalia, nikaokoka. Hiyo ilikuwa Machi. Sasa ni likizo ya Juni na niko stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, naelekea Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, na begi moja, daftari la mistari, na kifurushi cha chapati alizonifungia mke wangu kama naenda vitani. Miaka kumi na tisa nafundisha mito ya bara hili, na mingi sijawahi kuitia hata kidole.

Ukumbi wa stesheni una dari la juu sana. Mama akimwita mwanawe, sauti inazunguka kwanza ndipo imfikie. Reli hii ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Wachina waliijenga kati ya 1970 na 1975, kwa sababu Rhodesia ya Kusini ilikuwa imejitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965 na shaba ya Zambia ikakosa njia ya kupita. Upana wake ni milimita 1,067, ule ule wa reli za kusini mwa Afrika. Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000, na ile mpya ya umeme ni 1,435. Kwa hiyo nchi yetu ina treni za saizi tatu, na hakuna hata moja inayoweza kupita kwenye njia ya mwenzake. Hili wanafunzi hulipenda kuliko somo la mito.

Daraja la pili, vitanda sita, wanaume watupu. Kitanda cha chini yangu kuna kijana anayerudi Makambako na katoni za vipuri vya pikipiki. Giza lilitukuta kabla ya Kisaki. Nilibandika paji la uso dirishani nikitafuta tembo wa hifadhi ya Nyerere. Nikaona macho mawili ya kijani yakiwaka kando ya reli, nikamwita kijana kwa shauku. Akachungulia. "Huyo ni paka wa stesheni, mwalimu."

Usiku wa manane treni ilibadilisha mlio, kutoka mlio wa udongo kwenda mlio wa chuma. Kidatu. Ruaha Mkuu unapita chini yetu na sikuuona, niliusikia kwa nyayo. Nikaandika kwa mwanga wa simu: *Mto wa kwanza. Bahari ya Hindi.*

Jumamosi. Mlimba hadi Mbeya

"Mwalimu, amka. Tunapanda."

Kulikuwa kunapambazuka. Nyuma yetu bonde la Kilombero lilikuwa limejaa ukungu kama sufuria ya uji, na mbele ukuta wa milima umesimama. Hapa ndipo jasho la wajenzi lilipomwagika zaidi. Kutoka Mlimba hadi Makambako ni kilomita 158, na katika kipande hicho reli inapanda kutoka chini ya mita 400 hadi zaidi ya mita 1,600. Njia nzima ina mahandaki 22, na mengi yamerundikana hapa. Unaingia gizani, watoto wa behewa la pili wanapiga kelele, unatoka, unaona mkia wa treni yako mwenyewe ukikunja kona upande wa pili wa korongo. Daraja la mto Mpanga linasimama juu ya nguzo za mita 50 hivi. Nilitazama chini mara moja tu. Wafanyakazi wa Kichina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika ujenzi wa reli hii, na Watanzania na Wazambia nao walikufa. Makaburi ya Wachina yako nje kidogo ya Dar, wengi tunayapita bila kujua.

Sasa nieleze jambo lililonikaa kichwani kutwa. Ukiutazama ukuta huu wa Udzungwa ungeapa kwamba ndio unaoligawa bara. Huku chini joto, miwa, mpunga, migomba. Kule juu watu wamevaa makoti, viazi, misonobari, moshi wa kuni saa nne asubuhi. Huku Wandamba na Wapogoro, kule Wabena na Wahehe. Kumbe kwa maji ukuta huu si mpaka kabisa. Mpanga unateremka Kilombero. Ng'ambo ya milima, kwenye tambarare ya Usangu, mito inakusanyika kuwa Ruaha Mkuu, unazunguka wee hadi ule ule mto nilioupita usiku Kidatu. Yote ni Rufiji. Kilombero peke yake unachangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na maji hayo sasa yanapitia kwenye mitambo ya bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Taa ya jikoni kwangu Dar huenda inawashwa na ukungu ule wa asubuhi.

Kijana alishuka Makambako, na baridi ikapanda kuchukua nafasi yake. Nilinunua viazi vya kuchemsha dirishani, vikanisaidia zaidi kama kitu cha kushika mkononi kuliko chakula.

Usangu tuliipita mchana: mpunga hadi upeo wa macho, mifereji, na makundi ya ng'ombe wa Wasukuma waliohamia huku kutoka kanda ya ziwa. Mzee mmoja mkulima wa Igurusi, aliyepanda Chimala, alinionyesha mifereji kwa kidole. "Kila mtu ana mfereji wake, mwalimu. Mto una watoto wengi kuliko maziwa." Tangu 1993 Ruaha umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi kule hifadhini, viboko wanabaki wamesongamana kwenye madimbwi. Mzee hakukana wala hakujitetea. Alisema tu kwamba mchele ninaokula Dar mimi hautoki mbinguni.

Karibu na Uyole tulifika kilele cha reli yote, mita 1,789. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumapili hadi Jumanne. Tukuyu

Hapa nilishuka kusubiri treni ya Jumatano, kwa sababu mke wangu ni Mnyakyusa na kupita Mbeya bila kwenda Tukuyu kungeniletea kesi. Shemeji alinipokea na mkungu wa ndizi. "Mugonile!" Nikaitikia kwa lafudhi yangu ya Pwani, watoto wakaanguka kwa kicheko.

Mbeya ni mahali ambapo bara linajaribu kupasuka. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa na lile la magharibi yanakutana hapa hapa, na penye mpasuko pakatokea volkano. Mlima Rungwe, karibu mita 2,960, ni mmoja wa watoto wake. Udongo mweusi, mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, chai, ndizi, kakao ukishuka Kyela. Shemeji aliniweka nyuma ya pikipiki tukaenda kwenye Daraja la Mungu, mto Kiwira. Zamani lava iliganda juu ya mto na mto ukaendelea na safari yake chini. Sasa ni tao la mwamba lenye majani juu yake, na maji yanapita chini yakiwa na haraka kama mtu aliyechelewa msiba.

Nikamuuliza shemeji maji haya yanakwenda wapi. "Ziwani," akasema. Kisha? "Shemeji, na wewe. Ziwani si yamefika?"

Hayajafika. Ziwa Nyasa linatoka kwa mto Shire kupitia Malawi, Shire unaingia Zambezi ndani ya Msumbiji, na Zambezi ndiyo inayofika Bahari ya Hindi. Nikamchorea ardhini kwa kijiti. Akatazama, akasema basi hayo maji yana nauli kubwa.

Na kituko cha mkoa huu ni mto Songwe. Iko miwili! Mmoja unashuka kaskazini-magharibi kwenda Rukwa. Mwingine ni mpaka wetu na Malawi, unaingia Nyasa. Jina moja, maji ya mmoja yanaishia ziwa la magadi kuwa mvuke, ya mwingine yanakwenda kuonja chumvi ya bahari. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeichanganya kwenye mtihani, na kila mwaka namkata alama. Nadhani nimekuwa nikimwonea.

Jumatano. Tunduma

Treni mchana, Tunduma gizani. Niliapa kwamba hapa nitasimama dirishani, kwa ajili ya yule mtoto. Badala yake niliingia kwenye mikono ya mbadilisha fedha. Wanapanda ndani ya mabehewa wakiwa na mabunda ya kwacha na tochi ya simu mdomoni. Wangu alihesabu mbele yangu, vizuri kabisa, akanikabidhi, akashuka. Nilipohesabu tena, noti mbili zilikuwa zimekunjwa katikati na zilikuwa zimehesabiwa kila upande. Nilitoa kichwa nje kupiga kelele. Treni ikaanza kutembea.

Na ni hapo hapo, nikiwa na hasira ya noti mbili, ndipo tulipopita mahali nilipokuja kupaona. Upande mmoja wa Tunduma mvua inateremka kwenda Rukwa. Ukiingia kidogo tu ndani ya Zambia, vijito vinaelekea mto Chambeshi, na Chambeshi ni chanzo cha mbali kuliko vyote cha Kongo. Mpaka wa serikali uliwekwa na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, ukawakata Wanyamwanga vipande viwili. Una lango, mihuri, askari na foleni ya malori ya shaba isiyoisha. Mpaka wa maji hauna hata kibao. Mtoto alisema kweli, Tunduma hakuna mlima. Tunduma yenyewe ndiyo mlima, ila umepanda polepole kutoka mbali kiasi kwamba aliyesimama juu yake hajui.

Alhamisi. Kasama, Chambeshi, Mpika

Saa zimerudi nyuma saa moja. Kitanda cha mbele yangu alilala mzee Mbemba, fundi mstaafu wa karakana ya reli ya Mpika, Kiswahili chake alikipata Dar ujanani na hakukiacha kiharibike. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akacheka akanifundisha: "Mwapoleni, mukwai." Hilo *mukwai* ni heshima, unalibandika popote, kama sisi tunavyobandika *tafadhali*, ila wao wanalibandika kweli.

Tukaanza mchezo wa maneno. Maji? *Amenshi.* Kwa shemeji wangu ni *amiisi*. Mvua? *Imfula*, Tukuyu ni *ifula*. Mtu ni *umuntu*, ng'ombe *ing'ombe*, kuku *inkoko*. Maji yamegawanyika usiku, neno la maji limevuka bila pasipoti.

Stesheni ya Kasama akina mama walikuja na mabeseni vichwani: karanga, viazi vitamu, viwavi wakavu wanaoitwa *ifinkubala*, na kitu cha rangi ya matofali kilichokatwa vipande kama keki. Mzee alinunua viwili akanipa kimoja. Kinateleza kidogo kwenye meno, kinanata, ndani kuna karanga zilizosagwa na pilipili inayokuja baadaye. Kinakaribia nyama bila kuwa nyama. "Chikanda," akasema. Kinatengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi, ua la mwituni. Nikamwambia kwetu hakuna kitu kama hiki. Mzee akatabasamu kama mtu aliyekuwa akisubiri. "Vingi vinatoka kwenu, mwalimu. Makete. Kitulo." Kitulo! Ile hifadhi ya maua tangu 2005, naichora ubaoni kila mwaka. Huku Zambia okidi zao zimechimbwa zikapungua, walaji wakaongezeka, biashara ikapanda kwenye nyanda zetu, magunia yakapitia Tunduma. Nilikuwa nimesafiri siku sita kuja kula mlima wa kwetu.

Kisha Chambeshi. Sikutaka kukosa tena. Nilisimama kwenye ukorido nusu saa. Mto wa kawaida, mpana kiasi, rangi ya chai ya mkandaa, matete pande zote, mvuvi mmoja kwenye mtumbwi hakututazama. Kutoka hapa maji yanaingia mabwawa ya Bangweulu, yanatoka kwa jina la Luapula, yanapita Ziwa Mweru, yanaitwa Luvua, yanaungana na Lualaba, kisha ndiyo Kongo, yanavuka ikweta mara mbili na kumwagika Atlantiki pale Banana: kilomita 4,700 hivi. Mwaka 1918, kwenye mto huu huu, jeshi la Wajerumani na askari wake wa Kiafrika, wakiamriana kwa Kiswahili, lilipata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya siku tatu zilizopita. Wapagazi walikuwa wamekufa maelfu kwa maelfu njiani. Mzee aliniambia kuna mnara. Treni haikusimama.

Mchana wote ni miombo. Miti ile ile ya Tabora, mizinga ile ile, nyasi za njano, moshi wa mashamba ya *chitemene* ambako wanakata matawi, wanayachoma na kupanda kwenye majivu. Kushoto, nisikokuona, nchi inakatika kwenye miteremko ya Muchinga na kushuka bonde la Luangwa, maji yake yanakwenda Zambezi. Kulia ni Bangweulu, ni Kongo. Reli inatembea mgongoni mwa bara na mgongo wenyewe ni bapa kama meza.

Huko kulia ndiko David Livingstone alikofia mwaka 1873, kijijini kwa Chitambo. Alikuwa akitafuta chanzo cha Nile, na aliamini Lualaba ndiyo yenyewe. Ametembea nchi hii kwa miguu miaka mingi, kapima, kaandika, na bado nchi ilimdanganya kwa sababu haionyeshi inakoelekea. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo. Miaka minne baadaye Stanley alifuata Lualaba hadi Boma akiwa na wapagazi wa Unguja na Bara, ndipo ubishi ukaisha. Yule mtoto wa dawati la nyuma ananidai msamaha.

Mzee alishuka Mpika, jioni. Aliniachia maelekezo: "Kapiri ukifika, basi la Lusaka linaondoka saa nane. Usichelewe, mukwai."

Ijumaa. Kapiri Mposhi

Sehemu za Serenje tulivuka mgawanyiko mwingine wa maji, kutoka Kongo kwenda Zambezi. Nililala fofofo.

Kapiri asubuhi. Saa nane? Nina muda tele. Nikaoga, nikala *nshima*, ugali wao, na dagaa, nikapiga soga na mwenye mgahawa kwa Kiingereza cha kubangaiza, nikaenda stendi saa saba na nusu mchana nikijiona mtu wa mipango. Basi lilikuwa limeondoka tangu asubuhi. Huku wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Saa nane ya mzee ilikuwa saa mbili yangu. Kiswahili alikichukua Dar chote isipokuwa saa zetu. Nilipata basi dogo jioni, kiti cha juu ya injini.

Jumamosi. Lusaka hadi Livingstone

Siku ya basi, na yenyewe haina mengi. Mto Kafue, umetoka kaskazini kwenye migodi ya shaba na unakwenda Zambezi. Miwa ya Mazabuka. Nchi ya Watonga. Jirani yangu wa kiti alinithibitishia kwamba mvua ni *imvula*. Wazee wake walihamishwa bondeni bwawa la Kariba lilipojengwa miaka ya 1950. Na dagaa niliokula Kapiri, wanaowaita kapenta? Ni wa Ziwa Tanganyika, walipandikizwa Kariba miaka ya 1960. Nimekula Kigoma bila kujua, siku moja baada ya kula Makete.

Jumapili. Mosi-oa-Tunya

Unausikia moshi kabla ya kuuona, na Mswahili hahitaji mkalimani: *mosi* ni moshi, *tunya* ni unaonguruma. Jina ni la Wakololo, waliopanda kutoka kusini kabisa katika karne ya 19 wakaacha lugha yao kwa Walozi wa magharibi mwa Zambia. Upana wa maporomoko ni mita 1,708, kimo mita 108. Mto umekuwa ukiukata mwamba wa lava na kurudi nyuma. Yale makorongo ya kona kona huko chini ni maporomoko ya zamani, moja baada ya jingine.

Nilikodi koti la mvua lenye tundu begani. Kwenye daraja la watembea kwa miguu mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu, inakuingia puani. Mtoto mmoja alikuwa amefumba macho na kupanua mdomo, anakunywa. Nikafanya kama yeye. Hayana ladha.

Nikampigia shemeji, nikipiga kelele kushinda mngurumo. Nikamwambia maji haya yatapita Kariba na Cahora Bassa, kisha Msumbiji yatakutana na ya kwake ya Kiwira.

"Ya kwangu yatakuwa yametangulia," akasema.

Daftari limelowa. Nimelianika dirishani, ukurasa wa Chambeshi umegandana na wa Kafue, wino umeingiliana. Kesho narudi. Mhudumu wa nyumba ya wageni anasema basi ni saa kumi na mbili. Nimemwomba anionyeshe kwa kidole kwenye saa ya ukutani.